Gauni la Kutokea

Stoo ya Mavazi,
Ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua utasema ya kwanza hukuisikia vizuri. Goti linaendeleaje? Na macho? Kaka Mrefu ameniambia miwani umepata, ila unaivaa juu ya kichwa kama taji halafu unamwomba mkewe akutungie uzi kwenye sindano. Ivae puani, Shangazi wangu, huko juu haisomi kitu. Wifi na watoto hawajambo? Mimi mwili haujambo. Mafua yalinipitia yakaondoka. Ya moyoni ndiyo yaliyonileta hapa kazini siku ya mapumziko, nikamwomba mlinzi ufunguo, kwa sababu kwangu hakuna meza ya kuandikia.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Nimefurahi kusikia kwamba mlijaa sebuleni kwa Kaka Mrefu, mkamtazama Mama Vumbi kwenye mchezo wetu wa televisheni, mkacheka mpaka wifi akamwaga chai. Kisha ukanisifu. Ulisema, “Pindo mwanangu, lile gauni la kahawia umelichakaza mpaka nimelihurumia. Mimi na ufundi wangu wote nisingeweza.” Nikasikia watu nyuma yako wanapiga makofi. Kwa kawaida sifa zako nazirudia mara tatu nne, nawasikilizisha na wenzangu, lakini hizi nilizisikiliza mara moja nikazima simu. Shangazi, sifa hizo si zangu. Gauni lile sikulichakaza mimi.

Kazi yetu hii ina vituko. Nguo ya tajiri hainisumbui hata kidogo: naitoa kabatini, napiga pasi, tajiri huyo amepatikana. Nguo ya maskini ndiyo inayonitoa jasho. Unachukua gauni jipya, unalisugua kwa jiwe, unalilowesha kwenye chai nzito, unalipitishia tupa kwenye kola na viwiko, halafu unalianika juani likome. Yaani tunahangaika kuutengeneza umaskini humu ndani, na nje ya geti umejaa tele.

Mwongozaji wetu aliyakataa magauni yangu yote. Alikuwa ananusa kama mbwa wa polisi: “Hili linanuka duka. Na hili. Mimi nataka nguo iliyopigwa na maisha.” Nikakosa raha. Ndipo macho yangu yakamwangukia mama anayefanya usafi pale ofisini, sote tunamwita Mama Usafi. Nikamwita pembeni nikamwambia, “Mama, niazime gauni lako moja, tulitumie kwenye mchezo.” Sikusema ni la nani kwenye mchezo. Nilijidai kwamba ataelewa mwenyewe, kumbe nilikuwa naona haya kulitamka.

“Langu mimi? Kwenye televisheni?” Alicheka kwa furaha akaziba mdomo.

Kesho yake alilileta limefungwa kwenye karatasi safi, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Limepauka mabegani. Kola ilikuwa imegeuzwa, upande wa nyuma umeletwa mbele baada ya ule wa kwanza kuisha. Chini ya kwapa palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa subira, mshono mdogo mdogo, ambao wewe ungeuona ungesema huyu ni mtu anayejiheshimu. Mimi niliona nimeokota almasi. Nikafumua pindo upande mmoja ili lining'inie, nikang'oa kifungo cha juu, nikabana pini. Mwongozaji alipoliona akaruka: “Huu sasa ndio umaskini wenyewe!” Nikapongezwa mbele ya watu, nikasema asante.

Ile sehemu unayoipenda, Mama Vumbi anapofika kwenye sherehe ya wakwe zake matajiri, anavua viatu mlangoni, anaikataa sofa ya mama mwenye nyumba na kusema “Nakaa chini tu, nimezoea,” tuliirekodi siku hiyo. Nilikuwa nyuma ya kamera. Nilicheka mpaka nikatolewa nje, sauti yangu isiingie.

Siku mchezo uliporushwa, Mama Usafi naye aliwaita majirani. Hana televisheni, kwa hiyo walijazana kwa mwenye nayo. Haya alinieleza mwenyewe asubuhi yake, bila kununa, huku anakamua tambara la deki.

“Walicheka sana,” alisema. “Mimi nilikuwa nangoja nione atakayevaa gauni langu. Nilidhani ni yule mama mwenye nyumba.”

Akakamua tena. Kisha akaniuliza kama tumemaliza nalo, maana binti yake anamaliza masomo ya uuguzi na mahafali ni Jumamosi. “Ndilo langu la kutokea, mwanangu.”

Nilitamani ardhi ipasuke, Shangazi. Mtu nilimwomba gauni, akanipa lililo bora kuliko yote aliyonayo. Mimi kwa macho yangu ya kisomi nikaona tambara, tena nikaliongezea na pini ili likolee. Sijui nilitegemea avae nini siku ya furaha yake. Pengine nilidhani watu kama yeye hawana siku hizo.

Nilikimbilia stoo nikamtolea gauni la yule mama mwenye nyumba, lile lenye shanga kifuani. Nikamwambia achukue, liwe lake kabisa, nitajua la kusema wakiniuliza. Akaligusa kwa ncha ya kidole, akasema ni zuri. “Lakini mwanangu atanitafuta katikati ya watu. Ananijua kwa lile.” Akarudi kwenye deki yake.

Kulitoa gauni mikononi mwa mwongozaji haikuwa kazi ndogo. Alisema haliondoki, watu wameshalipenda, Mama Vumbi atarudi nalo kwenye vipindi vinavyofuata. Nilimbembeleza, nikamfokea, unanijua nikianza. Mwisho akasema, “Niletee jingine lililo baya kuliko hili, uondoke na hili lako.” Nikamletea. Nilikolitoa nitakwambia, nipe muda nimeze mate kwanza.

Pindo la Mama Usafi nililirudisha kwa ule mshono wako wa kuficha, sindano inashika nyuzi mbili tu kwa juu. Mwanafunzi wako hajasahau kila kitu. Kifungo ndicho sikukipata. Nilikitupa kwenye pipa la takataka, na pipa hilo analimwaga yeye mwenyewe kila jioni. Nikashona kinachokaribia kufanana.

Mahafali ya Jumamosi alinialika na mimi. Nilikwenda, kukataa kungekuwa kuongeza aibu juu ya aibu. Nilimwekea kiti kando yangu, ndani ya turubai. Alipoingia, gauni limenyooshwa, ameoga, ameng'aa, kuna mtu nyuma alisema, “Mama Vumbi huyo!” Watu wakageuka. Mwingine akadakia, “Mama, kaa chini tu, umezoea!” Kicheko kikapita viti kwa viti, na simu zikainuliwa. Yeye alitabasamu kama mtu anayesalimiwa. Nikampungia mkono, nikamwonyesha kiti.

“Nitasimama tu, mwanangu,” aliniambia.

Hotuba zilikuwa ndefu, Shangazi, unajua watu wakishashika kipaza sauti. Alisimama mpaka ya mwisho, na kile kiti kikabaki wazi kando yangu. Nami sikuwa na ujasiri wa kunyanyuka nikasimame naye. Hilo nalo liandike.

Baadaye binti alikuja mbio na sare yake nyeupe, akamkumbatia mama yake, akaficha uso kwenye ile kola iliyogeuzwa. Mama Usafi akanitambulisha: “Huyu ndiye dada aliyenitengenezea gauni.” Hakuongeza neno. Alipokwenda kuwasalimu walimu, binti akanikazia macho.

“Dada, wewe siku ile ulicheka?”

Nikasema nilicheka.

“Na mimi nilicheka,” akasema. “Tulikuwa bwenini na wenzangu. Nilicheka mpaka nilipokiona kile kiraka. Halafu nikaendelea kucheka, wasije wakajua.”

 

Sasa nikueleze lile gauni jingine, lililo baya zaidi. Shangazi, unalikumbuka la buluu ulilonishonea nilipokuwa nakuja chuo? Kitambaa ulikuwa umejiwekea mwenyewe, ukakikata kwa ajili yangu ukasema wewe huna pa kwenda. Siku ya kwanza nililivaa, wasichana wa chumbani wakalitazama, kisha wakatazamana wenyewe kwa wenyewe. Basi, tangu hapo nikalifanya la ndani. Nimelifulia, nimelipikia, nimelidekia miaka yote hii, na hodi ikipigwa nalivua kwanza ndipo nafungua mlango. Kila ukiniuliza kama bado ninalo, najibu nalitunza. Nyani haoni kundule. Mama wa watu ana gauni moja la kutokea, tena limekwisha, anatoka nalo mbele za watu. Mimi nililikimbia la kwangu likiwa jipya.

Ndilo nililompelekea mwongozaji. Alilinusa, akafurahi kuliko la kwanza.

Jumatano usiku Mama Vumbi ataingia amelivaa. Utalijua kwa shingo, maana shingo ya mviringo ya namna ile sijaona fundi mwingine akiishona. Sebule nzima itacheka, na wewe utakuwa umevaa miwani puani, tena kwa ushauri wangu mimi. Nimewaza nikuombe uzime televisheni, nikaona sina haki hiyo. Ukinyamaza, nitaelewa. Ukiwaambia kwamba hilo ulilishona wewe kwa mikono yako, Mungu akubariki, umenishinda. Nimekuandikia tu ili usije ukalingojea kwa mama mwenye nyumba.

Nisalimie Kaka Mrefu, mwambie aache kupiga simu wakati wa kurekodi, mwongozaji ameshanikatia tamaa. Msalimie wifi, na watoto wote, hasa Kibonge, nasikia ameng'oka meno ya mbele. Msalimie Bibi Jirani, mwambie dawa yake ya mafua ilinifaa ingawa harufu yake ilinifukuzia wageni. Mola akupe afya, alipe goti lako nguvu, na mikono hiyo iliyonivisha aizidishie baraka.

Mwongozaji alitaka pini badala ya kifungo cha juu, kama kwenye lile la kwanza. Kifungo nimeking'oa, lakini safari hii sikukitupa. Kimo ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Nitunzie, Shangazi. Likirudi gauni nitalileta mwenyewe, nikiwa nimelivaa, mchana.

Wako akupendaye, anayeona haya,

Pindo