Dufu la Shangazi Sikulipasha

Mama Kapinga mpendwa wa redioni, naomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu nyumbani, na chuoni ndiko lilikozaliwa.

Mimi ni msichana wa mwaka wa pili katika idara ya muziki hapa Lubumbashi, ninasomea ngoma, yaani vyombo vyote vya kupiga, kuanzia marimba mpaka timbali kubwa za okestra, na watu wa mtaa wetu wa Kamalondo walicheka sana waliposikia kwamba mtoto anapelekwa chuo kikuu kufundishwa kupiga ngoma wakati ngoma ziko nyumbani, sababu sisi ni Waislamu wa asili ya Maniema na shangazi yangu Rachida ndiye kiongozi wa kundi la wanawake wanaopiga dufu kwenye Maulidi na harusi, na watu wetu hawaoni harusi imekuwa harusi kama shangazi hakupiga.

Katika kundi hilo kazi yangu tangu utotoni ni mbabula, yaani jiko la makaa. Ngozi ya dufu ikipata unyevu inalegea na sauti inakufa, kwa hiyo kabla ya kupiga lazima mtu akae nyuma ya nyumba na mbabula ya makala, apashe kila dufu mpaka ngozi ikaze bila kuungua, kisha alipeleke kwa mpigaji, na desturi yetu ni kwamba anayepiga mbele hapashi mwenyewe wala haulizi kama limepashwa, analipokea kwa mikono miwili na kupiga, maana kuuliza ni kumtukana aliyekaa kwenye moshi. Mimi nimekaa kwenye moshi huo miaka yote, nikimaliza naingia mstari wa nyuma kushika ule mwendo usiobadilika ambao wengine wanapambia juu yake, na hata siku moja shangazi hajaniita mbele.

Sasa sikia. Profesa wetu, Profesa Émile, alisema konseri ya idara itafunguliwa na dufu, akaniomba nimfundishe mwenzangu mmoja halafu yeye atachagua nani apige mbele na nani ashike mwendo, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikamtaja Dorcelle, kwa sababu ni rafiki yangu, tunakula kwenye sahani moja, na kwa sababu, nitasema ukweli, nilijua hawezi kunishinda, yeye ni mtoto wa pasta kutoka Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, amekulia kwenye batterie ya kanisani, zile ngoma za kukaza kwa ufunguo zenye ngozi ya plastiki ambayo hata mvua ikinyesha wiki nzima haishtuki.

Nikamleta nyumbani. Nikapasha madufu kama kawaida, nikayapeleka uani, nikarudi kwenye mbabula kuzima makala, na nikiwa huko nyuma nikasikia mtu anapiga mapambo ya shangazi, yale ya kuingilia bwana harusi, nikadhani ni shangazi anamwonyesha, kumbe nikichungulia ni Dorcelle, na dufu aliloshika ni la shangazi mwenyewe, lile ambalo sisi wa nyumbani tunalipasha tu, hatulipigi. Shangazi alikuwa amefumba macho. Alipomaliza shangazi aligeukia wale mama wengine akasema, "Huyu mutoto, mukono yake iko inasikia. Hii kintu habaifundishake," yaani kitu hiki mtu hafundishwi.

Mama Kapinga, nilisikia wivu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitabasamu, nikamletea Dorcelle maji ya kunywa, nikamsifu, na ndani ya moyo nilikuwa namwambia rudi kwenu Kilwa ukavue samaki. Mimi ni damu ya shangazi, mimi nimevuta moshi wake, na neno lile sijawahi kulisikia likisemwa juu yangu, leo anapewa mtu ambaye hajui hata Maulidi ni mwezi gani.

Profesa naye alipotusikiliza alimchagua Dorcelle apige mbele, mimi nishike mwendo. Shangazi alifurahi hata akatoa dufu lake litumike kwenye konseri, na akanikabidhi mimi nilitunze na kulipasha, sababu nani mwingine.

Mvua zilipoanza kukaza, asubuhi moja makala yalikuwa yameisha nyumbani, yaliyobaki yalitosha dufu moja tu, nikapasha la kwangu, nikayabeba yote mawili mbio mpaka chuoni. Tukapiga. La kwangu liliita, lile la shangazi mikononi mwa Dorcelle likatoa sauti ya mtu anayepiga godoro. Profesa akakunja uso, akauliza kama ngozi zimepashwa, na kabla sijafikiri mdomo ukajibu, "Zote mbili, prof." Akamtazama Dorcelle akamwambia alegeze kiganja. Basi, Mama, utamu nilioupata siku ile nashindwa kuueleza, nilihisi kama mtu amenipakulia chakula nilichonyimwa.

Kesho yake makala yalikuwepo. Nilipasha la kwangu, la shangazi nikalifunga katika kitenge vilevile lilivyo baridi. Na keshokutwa yake vilevile. Hadi leo ni hivyo.

Dorcelle hajaniuliza hata mara moja, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe kwamba kwetu kuuliza ni matusi. Anapiga kwa nguvu zaidi ili sauti itoke, vidole vimevimba, na juzi nilimkanda kwa mafuta huku analia. Akaniambia, "Alima, mikono yangu njo mubaya. Pale kwenu nilibahatisha tu. Alhamisi niko naenda kumuambia prof akupatie weye mbele, na miye nitaachana na hii mambo ya ngoma, kaka yangu anasemaka kila siku niende kusoma droit." Kaka yake ndiye anayemweka nyumbani kwake kule Kasungami, anataka asome sheria, hajawahi kupenda masomo haya ya muziki. Nilimkumbatia. Nilimwambia asikate tamaa, lakini sikumwambia kwa nguvu.

Konseri ni Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Golf, na Ijumaa shangazi na kundi lake wamealikwa kwenye mazoezi ya mwisho, na mimi ninaona mlango uko wazi, nikinyamaza tu mpaka Alhamisi ipite shangazi atanikuta mbele, atanisikia, pengine atasema lile neno. Mimi sikulitoboa dufu, sikulimwagia maji, mvua ndiyo imelegeza ngozi. Lakini silali vizuri, na mafuta yale niliyomkandia nayanusa mikononi mwangu hata nikiosha. Mama Kapinga, nikinyamaza, kosa ni langu au ni la mvua?

Mimi, Alima.

MAMA KAPINGA ANAJIBU

Alima, jina hili nimekupa mimi, na la mwenzako na la shangazi nimeyabadilisha vilevile. Barua yako nimeiweka mbele ya zote. Kuna bwana mmoja amesubiri tangu mwezi jana nimwambie kama mkewe anampenda, ataendelea kusubiri.

Mvua, binti yangu? Umezaliwa Lubumbashi, umekulia Lubumbashi, leo ndiyo umegundua kwamba mvua ina roho mbaya? Mvua haikumjibu profesa "zote mbili". Mvua haikufunga kitenge. Tuiache mvua ifanye kazi yake ya kutuharibia barabara, tuzungumze juu yako.

Kwanza nikupe haki yako. Uliumizwa, na sitakuambia hukuumizwa. Mtoto anayekaa kwenye moshi miaka yote, halafu mgeni anaingia uani siku moja tu na kupewa neno ambalo mtoto alikuwa analisubiri, huyo lazima aungue ndani. Mimi pia ningeungua. Shangazi yako anajua kusikiliza madufu, lakini wewe hajakusikiliza, na hilo ni kosa lake. Wivu wenyewe haukufanyi kuwa mtu mbaya, ni kama homa, humpata yeyote. Mtu akiwa na homa tunampa dawa. Akianza kuwakoholea wengine usoni kwa makusudi, huyo tunamsema.

Na wewe nakusema. Umemwonea msichana aliyeheshimu desturi ya kwenu kuliko unavyoiheshimu wewe. Hakuuliza, kwa sababu ulimwambia asiulize. Kazi ya mbabula kwenu ni kazi ya kuaminiwa kuliko zote, ndiyo maana imewekewa mwiko wa kuuliza, na wewe uliyelalamika ukurasa mzima kwamba hawajakuthamini umeigeuza kuwa mahali pa kujificha. Dorcelle anatafuta ubaya katika vidole vyake mwenyewe, kumbe kimlacho ki ndani ya kitenge chako. Tena unamkanda. Unamvimbisha asubuhi, unampaka mafuta jioni, halafu unaniandikia kwamba harufu haitoki. Ningeshangaa ingetoka.

Na hesabu yako ni mbovu hata kwa mtu mwizi. Umeandika kwa mkono wako kwamba Ijumaa shangazi atakuja. Mwanamke aliyeishi na dufu lile maisha yake yote atalikuta limekaa baridi kwenye kitenge siku zote hizi kwa unyevu huu, naye aingie ukumbini asijue? Atajua kabla hajakaa kwenye kiti. Atabonyeza ngozi kwa kidole gumba mara moja na kukutazama. Wewe ulikuwa unangoja akuite mbele, na atakuita kweli.

Lakini hata kama shangazi asingekuja, nisikilize. Kinachopotea hapa si nafasi ya kupiga mbele Jumamosi moja. Msichana anataka kuacha ngoma. Ana kaka anayengoja hilo tu, na wewe unampelekea kaka huyo ushahidi kila asubuhi. Miaka mingi baadaye atakuwa amekaa katika ofisi ya wakili fulani, atasikia dufu likipita barabarani na harusi, na ataamini kwamba Mungu alimnyima mikono. Uongo huo utakuwa wako, na hutapata tena nafasi ya kuufuta.

Sasa fanya hivi. Usimpigie simu, usimwandikie ujumbe, usitume mtu. Chukua dufu la shangazi, panda gari uende Kasungami mwenyewe. Washa mbabula uani kwao mbele ya macho yake. Mpe dufu alipige likiwa baridi, kisha lipashe, mpe tena alipige. Usiseme neno mpaka asikie tofauti kwa masikio yake, kwa sababu maneno yako kwa sasa hayana thamani kwake, na hata kwako mwenyewe. Akishasikia, ndipo useme: sikulipasha, nilijua, nilifanya kwa wivu. Usiseme ulisahau. Usianze na habari ya makala kuisha, hiyo ilikuwa siku moja. Na usilie, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, namjua mtu wa aina hiyo, na leo si zamu yako kubembelezwa.

Anaweza kukusamehe. Anaweza kukufukuza uani na dufu hilo. Anaweza kuliambia darasa zima. Yote matatu ni haki yake, na wewe utayapokea bila kubishana. Akikubali upige naye, Jumamosi shika mwendo wako nyuma, ushike vizuri kuliko siku zote, asiteleze hata mara moja kwa sababu yako. Akikukataa, mwambie profesa kwa nini, tafuta kiti ukumbini, ukae umsikilize.

Baada ya hapo nenda kwa shangazi. Mweleze ulichofanya na dufu lake, na akishamaliza kukusema, nawe mwambie lako: kwamba umengoja miaka yote akusikilize. Huenda atakuambia mkono wako haufai mbele. Hilo litauma, nawe utakuwa umelisikia kutoka kwake badala ya kulipigania na mtu ambaye hakukunyang'anya kitu. Chuo chenu kina marimba, kina timbali, kina vyombo ambavyo shangazi hajawahi kuvigusa. Nenda kajue mkono wako unafaa wapi.

Jibu hili nakutumia kwenye simu yako leo Jumanne. Alhamisi asubuhi nitalisoma redioni pamoja na barua yako yote, pamoja na mafuta, kitenge na godoro. Majina nimebadilisha, lakini wasichana wa kutoka Kilwa wanaopiga dufu la Maulidi katika mji huu wewe unawajua wangapi? Kule Kasungami redio inashika vizuri. Una leo na kesho za kufika kwake kabla sauti yangu haijafika.