Pigo Moja la Kengele

Jumatatu, 14 Septemba 1987

Pigo moja la kengele. Moja tu. Bado linanilia kichwani.

Mzee Stamen huipiga kengele ya kanisa kulifukuza wingu la mvua ya mawe lisitutwangie mizabibu. Huipiga mbiombio, mpaka mikono ife ganzi. Leo kapiga mara moja, akatazama juu, akaiachia kamba. Tukatoka sote. Saa nane mchana, hakuna wingu hata la dawa. Juu ya kilima cha mizabibu — pete ya kijani, pana kuliko uwanja wa kanisa, imetulia tuli. Upepo unavuma, yenyewe haisogei. Mama akanishika mkono, kucha zikanizama. Dakika kumi na moja kwa saa ya kituo changu cha hali ya hewa. Kisha haipo!

Sijui ni nini. Chuoni hawakutufundisha.

Jumanne, 15 Septemba

Hakuna aliyeona. Kijiji kizima! Kwenye foleni ya mkate nimeulizwa kama nilikunywa. Stamen anasema kamba ilimponyoka. "Wewe kazi yako kupima mvua, binti. Pima mvua."

Jioni Tsanko, mwenyekiti wa ushirika, kaja kituoni, kakaa juu ya meza yangu. Zabibu zimebakiza siku kumi zivunwe, kasema. Je, nimesahau ya Bi Evdokia?

Sijasahau. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bi Evdokia, mpimaji aliyenitangulia, aliripoti mwanga juu ya kilima hicho hicho. Wanajeshi wakakifunga siku arobaini. Zabibu zikaozea mtini. Baba akaenda kutafuta riziki migodini, akarudi ndani ya sanduku. Bi Evdokia alivunjiwa madirisha mpaka akahama.

"Andika tai," Tsanko kaniambia. "Tai mkubwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa saa sita mchana ndipo ninapowasomea wakubwa wangu wa mkoani daftari la wiki kwa simu. Safu ya "Mengineyo" bado sijaijaza.

Jumatano, 16 Septemba

Kunguru mfu ndani ya kisanduku cha vipimajoto. Nimemtoa. Nimesoma joto: ishirini na mbili.

Nawachukia.

Alhamisi, 17 Septemba

Mama naye! Eti Jumatatu alikuwa ndani anakanda unga.

"Ulinishika mkono, Mama."

"Nilikuwa nakanda unga."

Nikamwonyesha alama za kucha zake, nne. Akageuza uso. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akasema baba yangu hakuuawa na mgodi, aliuawa na kalamu. Nikamjibu kwamba mwoga anaweza kumuua mtu pia. Hatujasemezana tangu hapo. Chakula changu kaniachia mlangoni, kama cha mbwa.

Ijumaa, 18 Septemba

Kengele! Mbiombio, haipumui. Nimechungulia dirishani — mbingu safi. Hakuna wingu.

Wako barabarani wanapanda kuja huku, wengine na mikasi ya kukatia zabibu mkononi. Tsanko mbele. Mama katikati yao, aproni yake ina unga. Nimetia komeo.

"Toa hilo daftari, we msichana! Saa sita haijafika!"

"Tutalichoma na wewe humo ndani!"

Mama hapigi kelele. Ananitazama tu kupitia kioo. Ni saa sita kasorobo.

Wanadhani wamewahi. Simu nilipiga saa nne. Wa mkoani akaniuliza kama kuna shahidi mwingine zaidi yangu. Nimemtajia mmoja mmoja, jina na ukoo, mpaka Stamen. Nilianza na Mama.