Kitenge cha Kuanzishia Mbio

Baba Zipora,

Matobolwa ya viazi vitamu yapo jikoni. ~~Mbakishie mwanao.~~ Kula yote, sisi tunarudi uwanjani. Ndama umfunge.

Asubuhi kocha alitaka kumtoa Zipora kwenye timu, eti filimbi ikilia anaziba masikio na kukaa chini. Nilinyamaza, kama ulivyoniagiza. Mwalimu Hosiana, anayefundisha watoto wenye usonji, hakunyamaza: "Mbio anaziweza. Kinachomuumiza ni filimbi. Mwanzishie kwa kitambaa!"

Nikavua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, kocha akakipunga. Weee! Mwanao aliwatimulia wote vumbi.

Mpe mama yako shikamoo yangu, kisha umwambie yule mganga aliyemleta amtibu Zipora asirudi tena.

Na kitenge usiniulize. Kocha amekataa kukirudisha.

Mama yake mkimbiaji