Mbu Kipara na Kofi la Bavon

Kisangani, Makiso
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Tantine Agathe,

Mbote sana kwako huko Opala. Goti linaendeleaje? Na Tonton Évariste, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo tu ndio mgonjwa. Ni upweke, Tantine, upweke kweli.

Majirani wamesikia kwamba chuoni nafuga mbu, bon, hakuna anayepita tena kunisalimu. Hata Maman Angélique, mwenye nyumba, huita watoto wake ndani nikitokea. Nimewaambia mbu wangu hawana malaria. Wapi!

Uliniuliza natafuta nini kwa hao mbu. Mbu ana vinywele mgongoni, na chini ya kila kimoja kuna mshipa wa fahamu. Ndivyo vinavyomwambia kwamba mkono unakuja, aruke. Vinaanza kuumbika akiwa bado majini, pale jeni fulani inapoamka mwilini mwake. Mimi naizuia isiamke, nione kama vitaota. Miezi mingi vimeota tu, kama vinanicheka.

Halafu akatoka mmoja kipara kabisa! Nilifurahi peke yangu, nikamweka mkononi nimtazame vizuri. Palepale chuoni akaingia Bavon, yule wa pikipiki anayefanya safari za Opala, na zile kwanga, mikate ya muhogo, ulizomtuma.

"Larissa, mbu iko inakukula!"

Paa! Mbu hakujaribu hata kuruka. Donc kazi yangu ilikuwa imefaulu, na ilikuwa imekwisha.

Nilipiga makelele, nikamwita mjinga, nikamfukuza. Sasa vifurushi vyako anaviacha kwa Maman Angélique, anaondoka. Lakini Tantine, lile kofi lilikuwa mkono wa kwanza wa mutu kunigusa tangu Krismasi. Naye alitaka kunikinga tu, maskini. Mbu mwingine nitampata. Mgeni mwingine sina.

Nisalimie Tonton, na Jemima na mtoto wake ambaye bado sijamwona. Mungu awalinde nyote, mlale salama na mwamke na nguvu.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Larissa

N.B. Usishangae kukuta bahasha haina gundi. Bavon ndiye anayeileta, na tunamjua, hawezi kubeba karatasi bila kuisoma. Bavon, nisamehe. Ukirudi, usiishie kwa Maman Angélique. Pita mpaka ndani, ukae.