Mashine Iliyozimwa kwa Ajili ya Hotuba

Alhamisi, 4 Septemba

Asubuhi tu, kinyaa. Mkuu wetu wa benki ya damu (sisi tunamwita Itifaki, kwa kupenda kwake hafla) kaacha kijiti cha meno juu ya meza ya kazi. Kimelowa! Nimekiondoa kwa koleo.

Baadaye kaja shangazi mmoja kutoa chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba mtu asivuje. Ni za mtoto wa kaka yake, yuko wodi ya saratani. Mikono yote miwili imefungwa mirija, pua ikaanza kumwasha, akaniomba nimkune. Nikamkuna. Tumecheka hadi machozi. Mfuko umejaa vizuri, manjano safi. Daktari anautaka Jumatatu, dawa za saratani zikishamshusha mtoto chembe zake.

Akashangaa kuona nauweka juu ya mashine ya kutikisa badala ya friji. Nikamwambia hizi zikipigwa na baridi zinaharibika, na zisipotikiswa zinakosa hewa. Kumbe zinabembelezwa, akasema. Ndiyo, usiku na mchana. Kuliko wafanyakazi!

Ijumaa, 5 Septemba

Kesho Itifaki ana sherehe ya kuwapongeza wachangia damu, kwenye korido yetu hapa nje. Mapazia mapya. Chooni hakuna sabuni tangu mwezi uliopita, watu wanaoshika damu za watu — lakini mapazia yapo! Afadhali mimi niko mapumziko hadi Jumatatu.

Shangazi kapita dirishani. "Damu yangu haijambo?" Utadhani anaulizia mgeni wake. Nikauinua mfuko kwenye mwanga, nikauzungusha polepole. Lile wingu linalometameta likaanza kucheza ndani. Chembe zikiwa hai ni bapa, zikigeuka zinarudisha mwanga. Naipenda kazi hii ikiwa hivyo. Akasema mtoto atapona na hii. Mimi si Mungu, nikaurudisha mfuko kwenye mashine.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua mlango — kimya. Chumba kile hakijawahi kuwa kimya. Mashine imezimwa, na juu yake sahani za keki! Krimu imechuruzika hadi kwenye mfuko wa shangazi, sisimizi wamejipanga.

Mwenzangu wa zamu anaangalia viatu vyake. Kelele ilikuwa inasumbua hotuba, anasema, mkuu akaagiza izimwe. Nani aliiwasha tena? Kila mtu alidhani mwenzake. Jana yeye alitoa damu nyekundu tu za friji, kona ile hakuiangalia. Mtu mzima na akili zake!

Nikaufuta mfuko, nikauinua dirishani, nikauzungusha. Hakuna wingu. Maji ya kuoshea vyombo. Nikarudia mara ngapi sijui. Zimelala chini zikijisonga kwa uchafu wao wenyewe, zikachacha, zikavimba, zikaota miiba, zikafa. Ukimtia mtoto, mwili unazitupa kabla hazijaziba tundu la sindano. Na joto la chumba, labda zimeshaota vijidudu.

Wodini wamepiga simu: mtoto anatoka damu puani na kwenye fizi, leteni.

Nikaenda kwa Itifaki. Yaani hata kuuinua mfuko hakuuinua! Lebo inasema mwisho kesho, kwa hiyo ni mzima. Kidogo si haba, anasema. Nikamwomba asaini maombi ya mfuko mwingine kutoka hospitali ya pili ya hapa mjini, wanao. Hasaini: wetu ukiwepo, hatuombi kwa watu, na wageni wa juzi watatuelewaje? Marashi yake yale, na anatafuna kijiti. Nimemchukia. Naandika wazi, nimemchukia.

Jumatatu hiyohiyo, mchana

Nimeukata. Kwa mkasi, juu ya sinki, mwenzangu akiona. Ukiwepo hatuombi — haya, haupo. Majimaji yametoka mazito, yana nyuzinyuzi. Nikapiga simu mwenyewe hospitali ya pili, bila saini. Dada wa kule kasema mfuko wa mwisho ameshaahidiwa mtu, ataangalia, atapiga. Wodini nimewaambia ukweli. Daktari kavuta pumzi tu, akasema niharakishe. Itifaki anapanda na kushuka korido, anauliza nani kanipa mamlaka. Sina muda naye.

Halafu shangazi. Kaja dirishani anacheka — Itifaki kamwambia damu yake ilishapanda wodini tangu asubuhi! Anauliza kama mtoto amekwisha kuwekewa, hataki kuwasumbua manesi. Akapitisha mkono anishike. Nikavua glavu kwanza, zimelowa ile manjano yake.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Nimemwomba akae kwenye benchi, nakuja kuzungumza naye. Sinki sijalisafisha. Simu haijaita. Amekaa, ananitazama kupitia kioo, anakunja mkono wa gauni kunionyesha pale nilipomchoma. Hapaumi hata kidogo, anasema. Narudi kwake sasa hivi, ila nianze na lipi: mashine yao, au mkasi wangu?