Samaki Wamo, Mimi Simo

Jumatano, 1 Oktoba
Serikali imefungwa! Wakubwa wa Washington hawakuelewana kuhusu bajeti, fedha za mishahara hakuna. Hapa kwenye kituo cha serikali cha kufugia samaki, milimani Virginia Magharibi, samaki hawana habari. Delmas, mlishaji wao, mwajiriwa wa serikali, kapewa barua: yeye ni wa lazima, aje kila siku, mshahara atapata wakifungua. Mimi nimesugua matangi haya miaka kumi na mmoja, ila niko chini ya kampuni binafsi yenye mkataba na kituo. Bosi wangu Gaynell kapiga simu: mimi si wa lazima, nikae nyumbani. Nami nitalipwa wakifungua? Kacheka. Kakata simu.
Samaki elfu arobaini ni wa lazima.

Jumatatu, 13 Oktoba
Lori limeleta chakula cha samaki. Magunia sitini! Delmas anayapanga huku tumbo linamnguruma. Nimempitishia maharage na mkate wa mahindi juu ya ua wa kituo, mimi nikiwa nje.
"Orpha, asiye na kazi ndiye anamlisha mwenye kazi?"
"Kula, Delmas. Maneno baadaye."
Matangi yameota ukoko wa kijani. Nikasema nitayasugua bure, nisije nikaozea nyumbani. Akaruka kama nimetaja wizi! Sheria inakataza, serikali haipokei kazi ya bure.
"Na yako wewe ni nini?"
"Yangu si ya bure, mama. Ya mkopo."

Alhamisi, 23 Oktoba
Benki imemkopesha Delmas bila riba, kwa ile barua. Nami nikaenda. Binti wa dirishani, mpole kweli: barua yako iko wapi? Sina. Hata waajiriwa wa serikali waliorudishwa nyumbani wana barua. Mimi nilipigiwa simu tu.
Nimeuza mashine ya kufulia, sasa nafua kwa mikono. Mgongo wangu!

Jumapili, 2 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Majani yameziba wavu wa mfereji, maji hayaingii matangini. Delmas ana homa, anatetemeka. Nikamwelekeza nikiwa nje ya ua — ushauri si kazi, nadhani. Kushoto! Si huko! Kateleza, kalowa hadi kiunoni. Samaki wameanza kuja juu, wanatweta.
Nikampigia Gaynell. "Ukigusa maji hayo, Orpha, mkataba basi." Na wakifa wote, nitarudi kusugua nini? Akasema: subiri, nimtafute mwanasheria.
Nasubiri. Naandika garini, karatasi inalowa. Delmas kasema hawezi kunifungulia lango, ni marufuku. Halafu kanipa mgongo, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani.
Lango halijafungwa kwa kufuli. Simu inalia — Gaynell. Acha ilie. Buti moja nimeshavaa, la pili —