Redio ya Noah na Njia ya Kaoze

Mbeya, 6 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, dukani tunaendelea vizuri, wasiwasi wangu uko kwenu. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi ya huko?

Kondakta wa basi atakukabidhi boksi. Ndani kuna redio ya gari, ile ya skrini kubwa. Ina ramani inayoongea, na inaungana na simu bila waya. Mpelekee fundi Kelvin akufungie kwenye Noah yako ya abiria. Bosi wangu anataka kuagiza nyingine ishirini, na madereva wananiuliza kama zinavumilia barabara mbovu. Nimewaambia ninaye mtu wa kuipima, na mtu huyo hasifu ovyo.

Ila sitakuficha, baba. Nimeichagua kwa ajili ya simu. Siku ya kumzika bibi, baba mkubwa Alphonce alikupigia mara kumi na moja. Wewe ulikuwa umekwama kwenye matope njia ya Kaoze, ukielekea kwake, simu iko mfukoni mwa koti, hukuisikia. Akadhani umempuuza, wakazika. Ulipofika ukakuta kaburi limeshafukiwa. Mwaka wa nne huu hamsalimiani. Wazee wa kina Benjamini wanaleta posa mwezi wa nane, na kwetu posa haipokelewi bila baba mkubwa. Sasa mimi nitaolewaje?

Simu ikiita kwenye redio hii, gari zima linasikia.

Mwanao,
Silvana

*

Malangali, 25 Mei 2024

Mwanangu Silvana,

Marahaba. Tu wazima. Mgongo wa mama yako unalalamika kila asubuhi, lakini shambani anakwenda. Mahindi tumeanza kuvuna.

Redio imefungwa. Nakuandikia barua kwa sababu nikiwa njiani abiria wote wanakusikia. Juzi uliponiuliza kama nimekunywa dawa ya minyoo, walinicheka mpaka Matai.

Haya, ukweli uliotaka. Sauti kama yake sijapata kuisikia kwenye gari lolote. Nikiweka kwaya, nasikia mpaka mwenye besi akivuta pumzi. Kamera ya nyuma imeniokolea kuku wawili na mwalimu mmoja. Mashimo hayajaitikisa. Yule mama wa ramani anaijua Matai yote mpaka ofisi za halmashauri, na anaongea Kiswahili cha mtu aliyelelewa na masista. Nikikosea njia hakasiriki, anatafuta nyingine na safari inaendelea. Ningempata konda wa tabia hiyo nisingemwachia.

Kasoro ni mbili. Jua la saa tisa likiipiga skrini sioni kitu, naikinga kwa kofia. Halafu majina ya simu yamepangwa karibu karibu, na vidole vyangu ni vya jembe. Nagusa hili, linaitika la chini yake. Hata hivyo waambie wanunue bila wasiwasi.

Kuhusu Alphonce, mtu aliyemfukia mama yangu kabla sijamuaga aanze yeye. Posa nitaipokea na jirani yetu Ignasi.

Baba yako

*

Mbeya, 3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama wote.

Asante kwa habari za redio, bosi amefurahi. Mzee Ignasi ni mtu mwema, lakini wageni watakuuliza kaka yako yuko wapi. Utawajibu nini? Unamsifu mama wa ramani kwamba ukikosea hakasiriki. Na wewe si ujaribu, baba? Nisamehe kama nimevuka mpaka. Nimelia kabla ya kuandika. Nimemwambia Benjamini wazee wake wasubiri.

Mwanao,
Silvana

*

Malangali, 28 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nimekawia kujibu kwa sababu barua yako iliniudhi, na baadaye ikanitia aibu.

Sasa sikiliza. Jumamosi nilikuwa naelekea Matai na abiria saba. Nikataka kumpigia mama yako, nimuulize sindano ya kushonea magunia kaiweka wapi. Nanyoosha kidole kwenye jina lake, Albina, gari likaruka kidogo, kidole kikatua chini yake. Alphonce! Ikaanza kuita kwa spika zote nne. Nikabonyeza ili izime, kumbe naongeza sauti.

"Haloo? Eustaki?"

Abiria wote wakageukia skrini. Ningemkatia simu kaka yangu mbele ya watu saba? Nikasema, "Shikamoo kaka." Akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu."

Mama Rozina, yule muuza samaki, migebuka wa ziwani, akadakia kutoka nyuma, "Shikamoo baba!" Basi wakamsalimia mmoja mmoja, na yeye akamuuliza kila mtu habari za nyumbani, za watoto, za mavuno. Sisi Wafipa unatujua kwa salamu. Tuliingia Matai ndiyo wanamaliza.

Hapo akasema, "Siku ile nilikupigia mpaka padre akaniambia hatuwezi kusubiri tena."

Nikamwambia habari za koti na matope. "Sikuisikia, kaka. Ningeisikia ningekuja kwa miguu."

Nikaegesha, maana nilikuwa sioni barabara. Mama Rozina analia waziwazi, na nauli hajatoa.

Baba yako

*

Kaoze, 14 Julai 2024

Mwanangu Silvana, mwenye jina la mama yangu,

Salamu nyingi kutoka bondeni, nilikokuja kwa kaka. Huku kuna joto, na sisi wazima.

Andika kasoro ya tatu. Mama wa ramani aliniteremsha vizuri mlima wote, kisha akaniambia nimewasili, na mbele yangu pana ng'ombe tu. Nikiwa nashangaa, simu ikaita gari zima. Ni kaka. "Kata kulia kwenye kisima. Taratibu, hapo pana mchanga." Akaniongoza hivyo mpaka nikamwona amesimama njiani na simu sikioni. Nimeshasimamisha gari mbele yake, bado ananiambia, "Njoo, njoo."

Tukaenda kaburini. Akainama, akachota udongo, akanitilia mkononi. "Huu ni wako," akasema, "ulibaki." Nikautupia kwa mama. Nililia, mwanangu, na yeye alinishika bega muda wote.

Wazee wa kina Benjamini waje. Hivi ninavyoandika, baba yako mkubwa amekaa ndani ya Noah anafungulia kwaya na kuuliza kama duka lenu litabakiza redio moja, wakati gari hana. Nyumba yake haikuwa kwenye ramani. Nimeiweka alama mwenyewe, na safari hii kidole kilipatia mara ya kwanza.

Ni sisi baba zako,
Eustaki na Alphonce